Jinsi Tulivyofunga Injini ya Dizeli kwenye Gari la Nesi Yudithi

Vijana, injini ikiwaka sekunde mbili kisha ikazima, wekeni spana chini mnywe maji kwanza. Mimi sikunywa maji. Nilifungua mabomba siku tatu mfululizo, nikaloa dizeli mpaka mke wangu akanitandikia chumba cha wageni, na muda wote huo ugonjwa haukuwa kwenye mafuta. Nitawaeleza ulikuwa wapi, ila mnivumilie nianzie mbali kidogo. Mtu aliyestaafu hana haraka, na mgongo wangu siku hizi umekataa kazi zote isipokuwa ya kukaa na kusimulia.

Naitwa Ramadhani, wengi wananijua kama Fundi Rama. Kwetu ni Kondoa, lakini nguvu zangu nimezimalizia hapa Dodoma, kwenye gereji ya Nkuhungu yenye mabati mawili na shimo moja la kuingilia chini ya magari. Gereji ile aliianzisha Fundi Mathayo, Mgogo mrefu, mkimya, aliyejifunza kazi kwenye matrekta ya Kongwa. Yeye ndiye aliyenifundisha. Wiki yangu ya kwanza alinipa gari nibadilishe oili. Nikamwaga ya zamani, nikafuta mikono vizuri, nikamimina mpya, na bolti ya chini nikaisahau mezani. Oili yote ikapita ikaenda mchangani. Fundi Mathayo akavuta kigoda, akakaa, akaitazama ile oili inavyonywewa na ardhi.

"Ramadhani," akasema, "Dodoma ni kavu kweli, lakini tunachoomba huwa ni mvua."

Tangu siku hiyo alinitaka kila nikimaliza kazi niguse kila bolti kwa kidole na kuitaja kwa sauti: ya chini, imefungwa, ya chujio, imefungwa. Nimefanya hivyo mpaka nastaafu. Kuna mteja mmoja alikuwa akivua kofia na kusubiri kwa adabu, akidhani naliombea gari lake dua.

Sasa tuje kwa Nesi Yudithi.

Aliletwa na lori la mahindi, gari lake likiwa limefungwa kamba nyuma. Nesi alikuwa mkunga katika zahanati ya kijiji kimoja mbele ya Kongwa, mama wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye kutembea haraka. Gari lenyewe lilikuwa lile dogo la Kijerumani la milango mitano, lisilo na buti la kutokeza. Mlango wa nyuma unainuka juu pamoja na kioo chake. La bluu, bodi safi, viti vizima. Alilirithi kwa baba yake, na ndilo alilojifunzia kuendesha. Nikafungua boneti. Injini ya petroli ilikuwa imechemka mpaka silinda hedi ikapasuka, na oili imechanganyika na maji ikawa kama uji wa ulezi.

"Shikamoo fundi. Atapona?" akauliza. Alisema "atapona," si "litapona".

"Marahaba. Huyu amekwisha, nesi. Tafuta gari lingine."

"Nikitafuta lingine nalo litakunywa petroli," akasema. "Kijijini petroli inauzwa kwenye chupa za maji, na siku nyingine huwezi kujua kama ni petroli au ni maji kweli. Lakini dizeli ipo siku zote, kwa sababu ya mashine za kusaga na matrekta. Huwezi kulifungia injini ya dizeli gari hili hili?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba zahanati haina gari la wagonjwa, na mama akishindwa kujifungua inabidi apelekwe hospitali Kongwa mjini. Kabla injini haijafa, gari hili ndilo lililokuwa likiwapeleka. Mvua za kwanza zilikuwa zinakaribia, na mvua zikianza pikipiki hazipiti kwenye ule udongo mweusi wa kuteleza na kunasa.

"Mwaka jana nimepeleka kina mama kumi na mmoja," akasema. "Wote kwenye kiti hicho cha nyuma."

Nikakitazama kile kiti. Kisha nikamwambia anipe wiki sita.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana siku hizi kuna wanaodhani kuhamisha injini ni kung'oa hii na kuchomeka ile. Injini ina majirani. Ina giaboksi, ekseli, rejeta, mabomba ya mafuta, eksozi, waya, na gari zima linalotakiwa kuubeba uzito wake. Ukihamisha injini bila majirani zake utakesha ukitafuta kwa nini haielewani na watu. Kwa hiyo mkipata gari la kutolea injini, pateni gari zima, tena la ukoo mmoja na lile linalopokea.

Nilibahatika. Kwenye yadi moja ya vyuma chakavu kulikuwa na gari la ukoo uleule, jipya kuliko la nesi kwa miaka kumi na zaidi, lililogongwa nyuma na kukunjika mpaka viti vya kati. Mbele lilikuwa zima. Injini ya dizeli yenye tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, na inaongozwa na kompyuta. Mimi kwa kompyuta ni wa kubahatisha, kwa hiyo nilimwita Rehema aje tulitazame pamoja.

Rehema alikuwa fundi umeme, binti wa Singida aliyepanga kibanda cha pili kutoka kwetu. Alikuja mjini na kompyuta yake ya mkononi na sanduku la waya, na katika miaka mitatu akawa na wateja wengi kuliko mimi. Alikuwa ananiita Mzee Rama na kunisalimia kila asubuhi, lakini kwenye kazi hakuwa na haya.

"Mzee Rama, chukua kila kitu," akaniambia pale yadini. "Injini, giaboksi, waya zote bila kukata hata mmoja, kompyuta yake, pedali ya mafuta, dashibodi yenye mishale ya mwendo, swichi na ufunguo."

"Pedali naelewa," nikasema. "Dashibodi ya nini? Gari la nesi lina dashibodi yake, na ufunguo anao."

"Chukua tu, mzee."

Nikamwona ni mtoto tu. Mimi nimefunga injini kwenye malori kabla hajazaliwa, leo anifundishe kubeba ufunguo. Nikachukua injini, giaboksi, waya, kompyuta, pedali, springi za mbele, breki za mbele na pampu ya ndani ya tangi. Nikaacha dashibodi na ufunguo. Nawaambia wazi, vijana: sikuacha kwa sababu nilijua havihitajiki. Niliacha kwa sababu aliyesema vinahitajika alikuwa Rehema.

Kazi ikaanza, na ilikuwa kazi tamu. Tulining'iniza injini kwenye mnyororo, tukaishusha taratibu mahali pa ile ya zamani. Mkono wa kushoto wa kuishikilia injini ulikaa kwenye kikalio chake kama umezaliwa pale. Wa kulia ulipungua upana wa vidole vinne. Nikakata boksi la sabuni, nikalipinda mpaka likawa umbo la kikalio ninachokitaka, nikampelekea mchomeleaji akatengeneza cha chuma kwa kufuata lile boksi. Boksi la sabuni, vijana, ni kifaa cha gereji. Ukikosea kulikata unalitupa. Ukikosea kukata chuma unapata cha kuwaeleza watu.

Rejeta ya zamani ilikuwa ndogo, tukaweka ile ya dizeli, tukasogeza feni. Kipoza hewa ya tabo kilikosa nafasi, tukakilaza mbele chini ya bampa na kukikinga na wavu wa chuma, kwa sababu barabara ya kijijini kwa nesi inarusha mawe. Tangi nililishusha, nikalianika, nikalisuuza kwa dizeli mara tatu mpaka harufu ya petroli ikaisha. Kwenye mfuniko nikaandika DIZELI kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, maana wa vituo vya mafuta huangalia sura ya gari kabla ya kumsikiliza mwenye gari.

Springi na breki msizisahau kabisa. Injini ya dizeli ni nzito. Ukiiweka juu ya springi za petroli, gari linainama kama linatafuta sindano, na breki zinapata mzigo ambao hazikuumbiwa. Wapo mafundi wanaomkabidhi mteja gari lenye nguvu mpya na breki za zamani. Mimi huyo simwiti fundi.

Kosa nililolifanya kwenye kufunga ni moja, na nalisema ili mcheke. Eksozi niliipima gari likiwa juu ya jeki. Magurudumu yananing'inia, kila kitu kina nafasi, nikaona nimefanya kazi ya mfalme. Gari liliposhuka chini na kukaa kwenye springi zake, eksozi ikabaki na upenyo wa unene wa kadi tu kutoka kwenye bodi. Nikaiona. Nikasema itakaa. Tutarudi huko.

Wiki ya sita Nesi Yudithi akaja na chupa mbili za maziwa ya mgando na kaka yake mmoja, waone gari likiwaka. Majirani wa gereji nao walikuja. Nikagusa bolti zangu, nikazitaja, nikaketi kwenye usukani, nikaipa hita muda wa kupasha silinda, nikazungusha ufunguo. Injini ikawaka mara ya kwanza. Sauti nzuri, nzito. Watu wakapiga makofi. Makofi hayajaisha, ikazima.

Nikawasha tena. Sekunde mbili, ikazima. Mara ya tatu, vivyo hivyo.

"Hewa," nikawaambia kwa sauti ya mtu anayejua. "Kuna hewa kwenye mabomba ya mafuta."

Na kwa kweli, kwa dizeli nilizozijua mimi, ikiwaka na kuzima ujue mafuta yanaingia na hewa. Fundi Mathayo angesema hivyo pia. Nikafungua mabomba. Nikabadilisha chujio. Nikabadilisha raba za viungio. Siku ya kwanza ikaisha. Siku ya pili nikaning'iniza galoni juu ya boneti, mafuta yashuke yenyewe bila kupitia tangi. Sekunde mbili, ikazima. Siku ya tatu nilishusha tangi tena.

Rehema alikuwa anapita na kusalimia. "Shikamoo Mzee Rama." Nami naitikia marahaba huku kichwa kimeingia kwenye boneti. Hakuuliza. Nilijua kwamba anajua, na yeye alijua kwamba najua kwamba anajua. Hali hiyo ni ngumu kuliko bolti yenye kutu.

Siku ya tatu mchana nesi alirudi. Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa mashariki. Alikaa kwenye tairi, akanitazama nikifungua kiungio ambacho nilikwisha kukifungua mara nne.

"Fundi," akasema, "naweza kukuuliza kitu cha kazi yangu?"

"Uliza."

"Mimi mama akija na uchungu, nina vitu ninavyovijua kufanya. Nikivifanya vyote na mtoto hashuki, sivirudii mara ya tano. Naandika rufaa, nampeleka kwa daktari mwenye vifaa. Mwanzoni nilikuwa naona aibu, najiona nimeshindwa. Siku moja nilichelewa kuandika kwa sababu ya aibu hiyo. Yule mama alipona. Mtoto hakupona. Sijawahi kuchelewa tena." Akafuta vumbi kwenye goti. "Sasa nyinyi mafundi hamna rufaa?"

Nimeambiwa maneno mengi na wateja katika maisha yangu, mengine hayaandikiki, lakini hilo lilinikaa rohoni kuliko yote. Nikanawa mikono, nikaenda kibanda cha pili.

"Rehema mwanangu," nikasema, "nimekuletea mgonjwa."

Alikuja na kompyuta yake, akachomeka waya chini ya usukani, akasoma. Hazikupita dakika kumi.

"Mafuta yako sawa, mzee. Injini imefungwa kwa siri. Kompyuta yake inauliza ufunguo wake na dashibodi yake kama vipo. Ikikosa jibu inajizima, ikidhani imeibiwa."

"Siku zote tatu?"

"Tangu dakika ya kwanza. Wapo wanaoweza kuifuta hiyo siri kwa mashine kubwa, yangu haifiki huko. Njia fupi ni kupata vile tulivyoviacha yadini."

Alisema "tulivyoviacha". Hakuwa ameacha kitu yeye. Mimi nilisikia lile "tu" na nikalishukuru kimoyomoyo. Mkiwa na haki mbele ya mkubwa wenu, semeni hivyo.

Tukaenda yadini, mimi, Rehema na nesi. Bodi la gari halikuwepo. Mwenye yadi akasema amelinunua bibi mmoja wa Msalato na kulipeleka kwake kwa mkokoteni wa punda. La nini, hakujua. Tukapanda bajaji mpaka Msalato, tukauliza nyumba hadi nyumba, na mtu wa kwanza kutuelewa alitujibu kwa swali: "Mnatafuta gari la kuku?"

Bibi aliitwa Mama Mbeleje. Tulimkuta anapepeta uwele uani. Nesi akamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na bibi akafurahi, akatutolea viti. Kando ya ukuta lilikuwa lile gari letu, limewekwa juu ya matofali, madirisha yamezibwa kwa wavu, na kuku wakitoka na kuingia kwa ngazi ndogo ya miti. Dashibodi ilikuwa mahali pake. Juu yake, kwenye majani makavu, alikuwa amelala kuku mweupe mkubwa, macho yake yanatutazama.

"Huyo anaatamia," bibi akasema. "Zimebaki siku nne. Hakuna kumgusa."

Nikaangalia wingu. Lilikuwa limezidi. Nesi akakaa karibu na bibi, akamweleza habari ya zahanati, gari na kina mama. Hakumwomba kitu, alimweleza tu. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akiendelea kupepeta.

"Mimi nimezaa saba," akasema. "Wa tatu alizaliwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, njiani. Kitu hicho mnachokitaka kiko chini ya kuku?"

"Kiko nyuma yake, bibi," Rehema akajibu. "Naweza kukifungua kwa chini bila kumwondoa. Nikilala chali."

"Akikudonoa usimpige."

"Sitampiga."

Rehema akavua viatu, akaingia kwa mlango wa dereva, akalala chali juu ya vile vilivyokuwa vimekaa sakafuni humo, na mnajua kuku hukaa na nini. Alifungua skrubu moja baada ya nyingine kwa kupapasa. Kila akiinua mkono, yule kuku alimdonoa. Tulihesabu midonoo kwa sauti kutoka nje, ikafika kumi na saba. Alitoa dashibodi, akatoa swichi na ule mviringo wa waya unaoizunguka, na lile gamba la juu lenye kiota likabaki mahali pake. Kuku hakusimama hata mara moja. Mimi nimefanya kazi na mafundi wa injini, wa bodi na wa kila aina, na sijaona mkono mtulivu kama ule.

"Na ufunguo?" nikauliza.

Tukatafuta swichini, hamna. Chini ya viti, hamna. Bibi akatuuliza unafananaje. Rehema akamweleza: mweusi kichwani, chuma mbele. Bibi akanyanyua kidole kuelekea mlango wa mbele wa upande wa pili. Ufunguo wa gari la Kijerumani, wenye siri ndani yake, ulikuwa umechomekwa kwenye pete ya waya kama pini ya kuzuia mlango usifunguliwe na vicheche.

Nilimtengenezea bibi komeo la chuma jioni ileile, kwa nondo na bawaba mbili nilizozifuata madukani. Akalijaribu kufunga na kufungua mara tano, akaridhika. Akatupa mayai kumi. Akamwambia Rehema, "Wewe ukikosa kazi mjini, njoo nikufundishe kufuga. Kuku wamekukubali."

Kesho yake asubuhi Rehema aliunganisha waya. Dashibodi haikulingana na tundu la gari la nesi, nikakata boksi la sabuni tena, tukaikalisha. Hakukuwa na watazamaji safari hii. Rehema akazungusha ufunguo. Ikawaka. Tukasubiri sekunde mbili. Tukasubiri kumi. Tukasubiri dakika nzima, na nesi akaanza kulia bila sauti, akicheka hapohapo. Nami nikaenda nyuma ya gereji kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Tulipeleka gari likakaguliwe, namba ya injini ikabadilishwa kwenye kadi. Msilione hilo dogo. Gari lenye injini isiyo ya kadi yake litamtia mteja wenu matatani barabarani, na siku hiyo jina lenu litatajwa.

Siku ya kuondoka nilimwambia nesi nitamsindikiza mpaka kijijini, nisikilize injini njiani, kisha nirudi kwa basi. Aliendesha yeye. Lami ya Kongwa tuliimaliza vizuri. Tulipoingia barabara ya vumbi mvua ikaanza, mvua ya kwanza ile yenye harufu, na mpaka tunafika zahanati barabara haikuwa tena ya vumbi.

Mlangoni walikuwa wamesimama watu. Binti mmoja, Tusa, alikuwa na uchungu tangu jana yake asubuhi. Nesi aliingia, akatoka baada ya muda mfupi, uso umebadilika.

"Fundi, twende Kongwa. Sasa hivi."

Wakamlaza binti kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake kwenye mapaja ya mama mkwe wake. Mume wake alikaa kiti cha mbele. Mimi nilijikunja nyuma kabisa, chini ya ule mlango unaoinuka, magoti yamegusa kidevu. Nesi akawasha. Kabla ya kuondoka alimwambia binti, "Tusa, pumua nami," na akawa anapumua kwa sauti huku anaendesha.

Udongo mweusi ulikwisha kuwa ugali. Petroli ya zamani ingelia na kuzunguka palepale. Dizeli ikavuta. Gia ya pili, mwendo wa mtu anayetembea haraka, bila kelele, magurudumu yanatafuta na kushika. Nesi hakukanyaga sana wala hakuachia. Nikasema moyoni, huyu mama angefaa kuendesha trekta.

Kisha nikasikia: gong. Shimo jingine: gong, gong. Mama mkwe akageuka akanitazama.

"Hiyo ni nini?"

"Eksozi, mama. Inagusa bodi. Haina madhara."

"Umejuaje?"

"Ni mimi niliyeifunga."

Akanitazama sana. "Umeifunga vibaya," akasema.

"Ndiyo, mama."

Binti, katikati ya maumivu yake, akacheka. Kidogo tu, pumzi moja ya kicheko, halafu uchungu ukamshika tena. Kila ilipogonga nilijua ni ule upenyo wa unene wa kadi, ule niliousemea kwamba utakaa. Nilikuwa sijui kuomba nini kwanza, mtoto au bomba.

Tulifika. Wakampokea kwa machela, nesi akaingia naye. Mimi na mume tulikaa kwenye benchi, hatujuani, tukanywa chai ya kopo moja. Alikuwa mchungaji wa ng'ombe, kijana wa maneno machache. Aliniuliza kama injini ile inaweza kuendesha pampu ya kisima, na tukazungumza visima muda mrefu sana, kwa sababu hakuna kati yetu aliyetaka kuzungumza lile jingine. Mchana ukawa umesogea ndipo nesi akatoka. Alikuwa amevua kofia.

"Wamempasua. Mtoto wa kiume. Wote wazima," akasema, kisha akakaa kati yetu akamalizia ile chai.

Mimi ndipo nilipoingia chini ya gari, palepale uwanjani, na spana yangu mfukoni, nikalegeza kishikizo cha eksozi, nikaishusha, nikaifunga upya gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Nikagusa, nikataja. Ya eksozi, imefungwa.

Mama mkwe na mume walibaki na mgonjwa wao. Nesi akasema mvua imekatika, na hawezi kuniacha nitafute basi baada ya siku kama ile. Angenirudisha Nkuhungu mwenyewe, akalale kwa kaka yake. Nikakaa mbele. Barabara ilikuwa ya lami, jua limetoka, mashamba yote yanang'aa. Nikainamisha kichwa kusikiliza injini, kama nilivyosikiliza kila gari nililowahi kupanda. Tabo, nzuri. Giaboksi, nzuri. Eksozi, kimya.

Tangu nianze ufundi sikuwahi kulala ndani ya gari nililolitengeneza. Haiwezekani, sikio haliachi. Siku hiyo nilihisi mkono unanigusa bega, nikafumbua macho, nikaona mabati mawili ya gereji yetu na Rehema amesimama mlangoni.

"Tumefika, fundi," Nesi Yudithi akasema. "Tangu njia panda ya Kongwa, injini yako sijaisikia. Ulikuwa unakoroma kuizidi."